Hodi Isiyoitikiwa: Historia ya Makosa ya Uthibitishaji katika Mifumo ya Data za Afya

Kosa la uthibitishaji ni jibu ambalo seva hutoa inaposhindwa, au inapokataa, kumtambua anayeomba kuingia. Katika mifumo ya data za afya jibu hilo hutokea kila siku. Programu ya simu inaomba majibu ya maabara ya mgonjwa, kompyuta ya kliniki inatuma ripoti ya mwezi wizarani, mfumo wa hospitali moja unauliza rekodi zilizoko kwenye nyingine, na badala ya data inarudi namba 401 au 403 pamoja na maneno mawili matatu. Mafundi wengi huyaona makosa haya kama fumbo moja, kumbe ni makosa ya enzi tofauti yaliyopandana. Nywila isiyolingana ni kosa la miaka ya 1960. Saa iliyopotoka ni kosa la miaka ya 1980, na cheti kilichokwisha muda ni la miaka ya 1990. Tokeni iliyokufa na ruhusa isiyotosha ni makosa ya miaka ya 2010. Kila tabaka liliongezwa ili kuziba udhaifu wa lile lililotangulia, nalo likaja na namna yake ya kushindwa. Anayeijua historia hiyo hujua pia aanzie wapi kutafuta.

Kabati, karani na kiapo

Kabla ya kompyuta, siri ya mgonjwa ililindwa na kiapo cha tabibu na kufuli la kabati. Kiapo kinachobeba jina la Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, kilimtaka mganga ayanyamazie aliyoyaona na kuyasikia katika kazi yake. Hospitali za karne ya 20 ziliongeza chumba cha kumbukumbu, faili lenye namba, na karani wa kulitafuta. Uthibitishaji ulikuwa wa sura na sauti: karani alimjua daktari, alimjua muuguzi wa wodi, na asiyemjua alimuuliza ametumwa na nani.

Kosa la enzi hizo lilikuwa na pande mbili. Faili liliweza kupewa mtu asiyehusika, au daktari mgeni akarudishwa mikono mitupu usiku huku mgonjwa akimsubiri kitandani. Kumfungulia asiyestahili na kumfungia anayestahili: pande hizo hazijabadilika hadi leo, na mifumo yote iliyofuata imekuwa ikijaribu kuzipunguza kwa pamoja.

Nywila

Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu za haraka kiasi cha kila mmoja kuiona kama yake peke yake. Kwa kuwa mafaili ya wote yalikaa pamoja, ilibidi kila mtumiaji awe na neno lake la siri. Udhaifu wa nywila ulionekana mapema. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, aliyehitaji muda zaidi wa mashine kuliko ule aliogawiwa, aliomba faili la nywila lichapishwe, na likachapishwa. Miaka michache baadaye hitilafu ya programu ilibadilisha nafasi za faili la nywila na faili la tangazo la siku, hata kila aliyeingia akaonyeshwa nywila za wote. Chanzo cha visa vyote viwili kilikuwa kimoja: nywila zilihifadhiwa kama zilivyo.

Dawa iliandikwa na Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs mwaka 1979, katika makala yao juu ya mfumo wa Unix. Nywila huchanganywa na tarakimu za nasibu, ambazo mafundi huziita chumvi, kisha husagwa kwa hesabu isiyorudi nyuma, kama unga usivyoweza kurudi kuwa mahindi. Seva huhifadhi unga tu. Mtu anapoingia, nywila yake husagwa upya na unga hulinganishwa na unga. Tangu hapo msimamizi wa mfumo hawezi kumwambia mtu nywila yake ya zamani ilikuwa ipi, wala seva haiwezi kusema ni herufi gani iliyokosewa. Inajua tu kwamba unga haulingani, na ndiyo maana ujumbe wa kosa la nywila ni mfupi namna ile.

Hospitali zilikuwa miongoni mwa taasisi za kwanza kuingia katika maisha haya ya kompyuta za pamoja na nywila. Mwaka 1966 na 1967, katika Massachusetts General Hospital jijini Boston, maabara ya Octo Barnett iliunda MUMPS, lugha na hifadhidata kwa pamoja, iliyotengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu za wagonjwa. Neil Pappalardo alikuwa kati ya waundaji wake wakuu. Mwaka 1972 Clement McDonald alianzisha mfumo wa rekodi za wagonjwa katika taasisi ya Regenstrief huko Indianapolis. Mifumo ya hospitali za maveterani wa Marekani, iliyojengwa juu ya MUMPS, ilimtaka kila mfanyakazi atoe siri mbili: msimbo wa kuingilia na msimbo wa kuthibitisha.

Wodi, hata hivyo, si ofisi. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi na kompyuta moja hana nafasi ya kuingia na kutoka kila dakika, na tabia ya watu kadhaa kutumia kikao kilichofunguliwa na mmoja ikaota mizizi katika nchi nyingi. Sheria ya HIPAA iliyotiwa saini Marekani mwezi Agosti 1996, pamoja na kanuni zake za usalama zilizotolewa 2003, ililenga tabia hiyo moja kwa moja: kila mtumiaji awe na utambulisho wake mwenyewe, mfumo uthibitishe kwamba anayeingia ndiye anayedai kuwa, na kuwe na kumbukumbu ya nani aliingia na alifanya nini. Kanuni hizo zilitaja pia kujifunga kwa kikao kilichoachwa bila kutumiwa. Kikao kilichokufa katikati ya kazi, chanzo cha malalamiko mengi ya watumiaji, ni matokeo ya uamuzi huo.

Saa

Kompyuta zilipounganishwa kwa mitandao, nywila ilianza kusafiri kwenye nyaya, na aliyetega sikio njiani aliweza kuinasa. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walipendekeza njia ya kuthibitishana bila siri yenyewe kupita mtandaoni. Juu ya wazo hilo, mradi wa Athena wa MIT, ulioanza 1983, ulijenga Kerberos, uliopewa jina la mbwa mlinzi wa kuzimu katika ngano za Wagiriki. Mtumiaji hujithibitisha mara moja kwa seva maalumu, hupewa tiketi yenye muda, na tiketi hiyo ndiyo anayoionyesha kwa huduma nyingine.

Tiketi yenye muda ilileta aina mpya ya kosa. Ili mwizi aliyenasa tiketi asiweze kuitumia baadaye, seva hulinganisha saa iliyoandikwa ndani yake na saa yake yenyewe. Tofauti inayovumiliwa kwa kawaida katika Kerberos ni dakika 5. Kompyuta ambayo saa yake imepotoka zaidi ya hapo hukataliwa, ingawa mtumiaji ni halali na nywila yake ni sahihi. Kwa mara ya kwanza, kosa la utambulisho likawa halina uhusiano wowote na utambulisho. Itifaki ya NTP, ambayo David Mills aliichapisha 1985 kwa ajili ya kulinganisha saa za kompyuta mtandaoni, ikawa sehemu ya usalama bila kukusudiwa iwe hivyo.

Somo hili lina uzito wa pekee katika vituo vya afya vya vijijini. Kompyuta hutunza saa kwa betri ndogo iliyo kwenye ubao wake. Betri ikifa na umeme ukakatika, mashine huwaka ikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma. Mtumiaji anaona kosa la usalama na kudhani amevamiwa, ilhali kinachohitajika ni betri mpya na saa iliyorekebishwa.

Namba 401, 403 na 404

Mwaka 1987 kilianzishwa chama cha HL7, kilichoandaa lugha ya pamoja ya mifumo ya hospitali: taarifa za kulazwa, maagizo ya maabara, majibu. Toleo la pili la lugha hiyo, ambalo bado linatumika katika hospitali nyingi duniani, lilisafiri katika njia isiyouliza jina la mtumaji. Ulinzi uliachiwa kuta za mtandao wa ndani, na aliyekwisha kufika ndani alihesabiwa kuwa mwenyeji. Katika mifumo hiyo makosa ya uthibitishaji yalikuwa nadra kwa sababu uthibitishaji wenyewe ulikuwa nadra.

Wavuti ulibadilisha hali hiyo. Maelezo ya HTTP 1.0, itifaki ya wavuti, yaliyochapishwa Mei 1996, yaliweka namba za majibu ambazo mafundi wa leo wanazijua kwa moyo. Namba 401 ilipewa jina lenye maana ya asiyeidhinishwa, na jina hilo limepotosha watu kwa miaka mingi, maana kazi yake hasa ni kusema kwamba mwombaji hajajitambulisha au utambulisho wake haukukubaliwa. Namba 403 ndiyo ya katazo. Tofauti yake hueleweka vizuri kwa desturi ya kupiga hodi. Jibu la 401 ni la mwenye nyumba anayeuliza, “Nani wewe?” Jibu la 403 ni la mwenye nyumba aliyekwisha kukufahamu, naye anasema humo chumbani huingii. La kwanza hutatuliwa kwa kurekebisha utambulisho, la pili kwa kurekebisha ruhusa. Anayebadilisha nywila ili kutibu 403 anapoteza siku yake.

Kuna jibu la tatu linalohusu afya kwa namna ya pekee. Kanuni za HTTP zinairuhusu seva isiyotaka kufichua kwamba kitu kipo ijibu 404, yaani hakuna kitu kama hicho. Katika kliniki ya VVU au ya afya ya akili, kule kujua tu kwamba mtu fulani ana faili ni kujua siri yake. Kwa hiyo 404 kutoka kwenye mfumo wa afya inaweza kuwa katazo lililovaa nguo za ukosefu, na fundi hana budi kulikumbuka hilo kabla ya kuhitimisha kwamba rekodi imepotea.

Njia ya kujitambulisha iliyokuja na HTTP ya mwanzo huitwa Basic. Jina la mtumiaji na nywila huunganishwa kwa nukta mbili, huandikwa upya kwa mtindo wa Base64, na hutumwa katika kichwa cha kila ombi. Base64 ni namna ya kuandika, haifichi chochote. Yeyote akiiona anaweza kuisoma. Usalama wote wa Basic unategemea njia iliyofungwa kwa itifaki ya SSL ya kampuni ya Netscape, ya mwaka 1995, na mrithi wake TLS wa mwaka 1999.

Itifaki hizo zilileta vyeti. Cheti hutolewa na mamlaka inayoaminika, kina jina la seva, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha cheti kimoja cha msingi ambacho vyeti vingi vya mamlaka ya Let's Encrypt vilikuwa vimeegemea. Vifaa vya zamani visivyosasishwa, vilivyokuwa havimjui mrithi wake, vilianza kukataa seva ambazo hazikuwa na kosa lolote. Estonia ilikuwa imepata funzo jingine mwaka 2017. Huko kitambulisho cha taifa chenye chipu hutumiwa pia na madaktari kuingia katika mfumo wa afya, na udhaifu ulipogunduliwa katika namna chipu hizo zilivyotengeneza funguo, nchi ililazimika kusimamisha vyeti vya kadi takribani 760,000 hadi zisasishwe. Wenye kadi hawakuwa wamekosea lolote, kwa kuwa kosa lilikuwa limezaliwa kiwandani.

Kutoka Mosoriot hadi mifumo ya taifa

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka 2001 vyuo vikuu vya Moi na Indiana vilianzisha hapo mfumo wa rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, mmoja wa mifumo ya kwanza ya aina hiyo katika vituo vya huduma za msingi kusini mwa Sahara. Idadi ya wagonjwa wa VVU ilipozidi uwezo wa mfumo huo, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief walianza mwaka 2004 kubuni mfumo mpya, OpenMRS, ambao ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 na baadaye ukaenea katika nchi nyingi, Rwanda ikiwa miongoni mwa zile za mwanzo. Sambamba na hilo, mfumo wa takwimu za afya wa DHIS, uliozaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, ulifikia toleo la mtandaoni, DHIS2. Mwaka 2011 Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza za Afrika kulieneza taifa zima.

Mifumo hii miwili ilifungua milango kwa programu nyingine kupitia kiolesura cha programu, kile ambacho mafundi hukiita API, na kwa miaka mingi ufunguo uliozoeleka ulikuwa Basic. Hapo yakajitokeza makosa ambayo mafundi wa data wa wilaya na kaunti wanayajua vizuri. La kwanza ni hati ya kutuma ripoti iliyoandikwa ndani yake nywila ya mfanyakazi: mfanyakazi akihama na akaunti yake ikafungwa, ripoti za vituo vyote husimama kwa 401 na hakuna anayekumbuka kwa nini. La pili ni herufi isiyoonekana. Amri ya kuandika nywila kwenye kompyuta inaweza kuongeza alama ya mwisho wa mstari, alama hiyo ikaingia ndani ya Base64, na nywila iliyo sahihi kwa macho ikawa batili kwa seva. La tatu ni ombi linaloelekezwa upya. Seva inapomwambia mwombaji ahamie anwani nyingine, maktaba nyingi za programu huondoa utambulisho kwenye ombi la pili ili usifike kwa mgeni, na ombi hilo hufika mlangoni bila jina. La nne ni kufungwa kwa akaunti baada ya majaribio kadhaa ya nywila mbovu, ambapo nywila sahihi nayo hukataliwa mpaka muda upite.

Tokeni

Kasoro kubwa ya Basic ni kwamba hutoa ufunguo wa nyumba nzima. Mgonjwa akitaka programu moja isome vipimo vyake vya sukari, angelazimika kuipa nywila inayofungua kila kitu. Tatizo hilo lilikuwa la wavuti wote, na jibu lake, OAuth, lilikamilishwa Desemba 2007. Toleo la kwanza lilitaka kila ombi litiwe saini kwa hesabu; kosa dogo katika mpangilio wa maneno liliibatilisha saini, na wasanidi wengi walikwama hapo. Mwezi Aprili 2009 uligunduliwa pia udhaifu katika hatua za kutoa idhini, ukarekebishwa mwaka huo huo.

OAuth 2.0, iliyochapishwa Oktoba 2012, iliacha saini hizo na kuitegemea TLS. Mwombaji hupewa tokeni, na yeyote anayeishika tokeni hiyo huhesabiwa kuwa mwenyewe, kama tiketi ya basi isiyo na jina. Ndiyo maana tokeni hupewa maisha mafupi na wigo mwembamba. Uamuzi wa kuacha saini ulimtenganisha mhariri wa kwanza wa maandishi hayo, Eran Hammer, na wenzake, hata akajiondoa mwezi Julai 2012. Lakini toleo hilo lilileta kitu chenye manufaa kwa watafutaji wa makosa: orodha rasmi ya majina ya makosa. Neno invalid_client husema programu yenyewe haikutambuliwa. Neno invalid_grant husema idhini imekwisha muda, imetumika mara mbili, au ilitolewa kwa mwingine; msimbo wa idhini unapendekezwa usiishi zaidi ya dakika 10 na hutumika mara moja tu. Neno invalid_token huja pamoja na 401 na humtaka mwombaji apate tokeni mpya. Neno insufficient_scope huja na 403 na husema tokeni ni nzima, ila wigo wake haufiki. Mei 2015 yalichapishwa maelezo ya JWT, tokeni inayobeba ndani yake jina la aliyeitoa, aliyekusudiwa na saa ya kufa kwake, vyote vikiwa vimetiwa saini.

FHIR na SMART

Mwaka 2011 Grahame Grieve, Mwaustralia mwenye uzoefu mrefu katika HL7, alipendekeza njia mpya ya kubadilishana data za afya kwa mtindo wa wavuti, ambayo ikawa FHIR. Rekodi hugawanywa katika vipande vyenye anwani: mgonjwa, kipimo, dawa, ziara. Upande wa pili, Kenneth Mandl na Isaac Kohane wa Boston walikuwa wametoa hoja mwaka 2009 kwamba mifumo ya hospitali iwe majukwaa yanayopokea programu za watu wengine, kama simu zinavyofanya. Mradi wao, SMART, ulihamia kwenye FHIR mwaka 2013 na kuchukua OAuth 2.0 kama mlinzi wa mlango. Desemba 2014 mradi wa Argonaut uliwakutanisha wauzaji wakubwa wa mifumo, wakiwemo Epic na Cerner, ili wakubaliane juu ya viwango hivyo. Sheria ya Marekani ya Desemba 2016, inayojulikana kama Cures Act, na kanuni zake za mwaka 2020 zikafanya mlango huo kuwa wa lazima kwa mifumo iliyoidhinishwa.

SMART iliongeza masharti yanayotokana na asili ya tiba, na kila sharti lina kosa lake. Programu hutakiwa kutaja ni seva ipi ya FHIR inayokusudiwa na tokeni, ili tokeni isipelekwe kwa seva ya kitapeli. Anwani ikikosewa, hata kwa mkwaju wa mwisho tu, idhini inaweza kukataliwa. Wigo huandikwa kwa kutaja aina ya rekodi na kitendo. Toleo la kwanza liliandika patient/Observation.read, la pili likaandika patient/Observation.rs, na programu inayotumia mwandiko mmoja kwenye seva inayojua mwingine hupewa wigo pungufu au hunyimwa kabisa. Mifumo inayozungumza yenyewe kwa yenyewe, bila mtu kwenye kioo, haitumii nywila: hutia saini JWT kwa ufunguo wa siri na kuchapisha ufunguo wa hadharani ili seva ihakiki. JWT hiyo hairuhusiwi kuishi zaidi ya dakika 5, na tokeni inayopatikana inapendekezwa iishi sekunde 300. Saa iliyopotoka, kosa la Kerberos la miaka ya 1980, imerudi hapa ikiwa na nguvu zake zote. Pamoja nayo limerudi kosa la funguo: aliyebadilisha ufunguo wa siri akasahau kuchapisha mwenzake wa hadharani hukataliwa kila mara.

Mlango uliomfungulia mwingine

Mfumo wa Blue Button 2.0 wa bima ya afya ya Medicare ya Marekani, uliozinduliwa 2018 kwa OAuth na FHIR, ulionyesha upande wa pili wa kosa. Desemba 2019 mshirika mmoja aliyekuwa akitumia kiolesura hicho aliripoti tabia isiyo ya kawaida. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu moja ya programu ilikuwa ikikata namba ya utambulisho ya mtumiaji kutoka biti 128 hadi 96. Namba zilizokatwa ziliweza kufanana, na data za mtu mmoja zikaweza kuonyeshwa kwa mwingine au kwa programu isiyo yake. Huduma ilisimamishwa, na wanufaika wapatao 10,000 walitajwa kuwa huenda waliathirika.

Tukio la aina hiyo halitoi namba 401. Ombi hujibiwa 200, yaani sawa. Kosa zito kuliko yote la uthibitishaji ni lile lisilotoa ujumbe, na hugunduliwa tu na anayelinganisha aliyeingia na rekodi aliyopewa. Sheria za Afrika Mashariki zinaliangalia jambo hilo kwa jicho lile lile. Sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda za mwaka 2019, ya Rwanda ya 2021 na ya Tanzania ya 2022 zinazipa taarifa za afya ulinzi wa juu kuliko data za kawaida, na Kenya iliongeza Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023.

Utaratibu wa kutafuta kosa

Kwa kuwa matabaka yalijengwa moja juu ya jingine, utafutaji wenye mafanikio huenda kwa mpangilio wa chini kwenda juu. Kwanza hukaguliwa saa ya mashine, kwa kuwa ndiyo inayoharibu vyeti, tiketi na tokeni kwa pamoja. Kisha huja cheti: tarehe zake, jina la seva lililomo, na mamlaka iliyokitoa. Baadaye huhakikishwa kwamba anwani ni ya mazingira yanayokusudiwa, maana utambulisho wa seva ya majaribio haufai kwenye seva ya kazi hata kama herufi zote ni sahihi.

Hatua inayofuata ni kusoma jibu lote, si namba peke yake. Kichwa cha WWW-Authenticate na mwili wa jibu mara nyingi hutaja jina la kosa. Kama ni 401, huangaliwa ikiwa utambulisho ulifika kweli mlangoni, haukuachwa njiani na ombi lililoelekezwa upya. Tokeni ya JWT hufunguliwa na kusomwa saa yake ya kufa, mtoaji wake na mlengwa wake. Ufunguzi huo hufanyika kwenye kompyuta ya fundi mwenyewe, kwa sababu tokeni hai iliyobandikwa kwenye tovuti ya mtu mwingine au kuachwa kwenye kumbukumbu za seva ni ufunguo uliotupwa barabarani. Majaribio nayo hufanywa kwa wagonjwa wa kubuni, kama wale wanaotengenezwa na programu ya Synthea, ili utafutaji wa kosa usiwe wenyewe uvunjaji wa siri.

Kama ni 403, swali linahamia kwenye ruhusa: wigo ulioombwa, wigo uliotolewa, wadhifa wa mtumiaji, na mgonjwa ambaye tokeni imefungamanishwa naye. Ikiwa matabaka yote ni mazima na katazo linabaki, basi mfumo unafanya kazi yake. Mgonjwa hajaridhia, au anayeomba hana jukumu katika tiba yake. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye programu. Kinachobaki ni kumwendea mwenye rekodi na kumwomba ridhaa, au, katika dharura, kupita kwa njia ya dharura ambayo mifumo mingi huiweka kwa makusudi na ambayo huandika jina la aliyeipita, saa yake na sababu yake.